USALAMA NJIANI: KAMIONETI INAYOCHUCHUMAA

Ndugu mashofere, na ninyi mnaokaa pembeni yao, tuangalie jambo tunaloliona asubuhi kwenye mlango wa shantie. Kamioneti inafungiwa remoriki yenye kompresa. Mara nyuma inashuka, pua inatazama mbinguni. Watu wanacheka: "Gari limechuchumaa!" Shofere anawasha moto, anaondoka.

Je, ni jambo la kucheka? Tufanye hesabu. Tuseme toka magurudumu ya mbele mpaka ya nyuma ni mita 3, na kulabu ya kuvutia iko mita 1,20 nyuma yao. Remoriki inakandamiza kulabu kwa kilo 200. Magurudumu ya nyuma hayaongezewi 200: yanaongezewa 280! Zile 80 za zaidi zimetoka mbele, maana gari linafanya kama mtaimbo: unakandamiza huku, kule kunainuka.

Na magurudumu ya mbele ndiyo yanayogeuza gari, ndiyo yenye kazi kubwa ya freni. Ukiyapunguzia uzito, katika vumbi au matope usukani unakuwa mwepesi, kona inakuja na gari halitaki kugeuka. Usiku fari zinapanda na kuwapiga machoni wanaokuja mbele yako. Katika njia ya Likasi kwenda Kolwezi, penye makamio mazito, ni hatari kubwa.

Mwenzetu mmoja, katika shantie nilipotumika zamani, alifikiri amepata dawa. Alisukuma mzigo wote nyuma ya remoriki. Kweli gari likasimama sawa, hata tukamsifu. Kwenye mteremko remoriki ikaanza kucheza huku na huku kama mkia wa mbwa, ikalitupa gari mtaroni. Alitoka na mkono umevunjika. Remoriki nyepesi mbele haifuati gari, inalipiga.

Basi, kipimo ni hiki: katika kila kilo 100 za remoriki na mzigo wake, kilo 10 mpaka 15 zilalie kulabu. Remoriki ya kilo 1500 ikandamize kilo 150 mpaka 225. Lakini soma kwanza kibati cha kulabu na kitabu cha gari. Kikomo kilichoandikwa pale kisipitwe. Kama kikomo ni kidogo kuliko kipimo hicho, punguza mzigo au omba gari kubwa zaidi.

Utapimaje? Simamisha remoriki mahali tambarare, weka vizuizi kwenye magurudumu, ncha yake iwe kwenye kimo cha kuvutwa. Mizani ya kupimia watu inatosha. Lalisha ubao mgumu, upande mmoja juu ya tofali, upande mwingine juu ya mizani. Ncha ya remoriki ikae sentimita 30 toka tofali na 60 toka mizani. Namba unayosoma, toa uzito wa ubao kwanza, kisha zidisha mara 3.

Kama uzito ni sawa na gari bado linachuchumaa, tazama ndani ya karoseri. Sanduku la vyombo na mapipa, mara nyingi yamewekwa mwishoni kabisa kwa uvivu wa kuyashusha! Yasogeze karibu na kabini na kuyafunga. Halafu pinda mgongo, tazama resori: chuma kimoja kimevunjika? Zimenyooka kwa uzee? Pine zina upepo wa kutosha?

Wengine wanaongeza chuma kwenye resori, au mifuko ya hewa. Vinainua nyuma, lakini zile kilo 80 hazirudi mbele, wala gari halijapewa ruhusa ya kubeba zaidi. Kinachozirudisha ni kulabu yenye fito za chuma zinazosukuma uzito mbele, kama gari na remoriki vinaikubali. Vipande vya mbao juu ya resori, hapana kabisa.

Neno moja tena kwa mekanisie. Kamioneti nyingi, Toyota Hilux kati yao, zina valvu ya freni yenye mkono ulioshikamana na magurudumu ya nyuma. Nyuma ikiwa juu, valvu inafikiri gari ni tupu na kupunguza nguvu ya freni za nyuma. Ukiisha kuongeza resori, itengenezwe upya kabla remoriki haijafungwa.