SOMO LA WIKI: Makao ya wazee Karatu – soma matumizi ya kiwanja kabla ya bei

MFANYABIASHARA wa vitunguu wa Mang'ola akipata msimu mzuri hutafuta mahali pa kuweka fedha zake. Kwa miaka mingi jibu la mji wa Karatu limekuwa moja: jenga nyumba ya wageni, maana kila gari linalokwenda kreta linapita hapa. Lakini mwaka 2020 ulitoa funzo. Watalii walioingia nchini walishuka kutoka 1,527,230 mwaka 2019 hadi 620,867. Aliyekuwa na vyumba na mkopo alibaki na mkopo.

Ndiyo maana sasa wapo wanaouliza: je, vyumba hivi haviwezi kuwa makao ya wazee wanaolipiwa na watoto wao walio Arusha, Dar es Salaam au ng'ambo? Mzee haji kwa msimu. Wazo lina mantiki, lakini linaanguka au kusimama kwa jambo moja ambalo wengi hulitazama mwisho: matumizi yaliyoidhinishwa ya ardhi.

Ardhi ni ya aina tatu

Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za 1999, zinagawa ardhi katika mafungu matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya vijiji na ardhi ya hifadhi. Mwekezaji wa Karatu anaweza kukutana na zote tatu katika safari ya nusu saa.

Mjini Karatu, viwanja vilivyopimwa ni ardhi ya jumla. Hapa inatumika Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007, na Halmashauri ya Wilaya ndiyo mamlaka ya upangaji. Kila hati imeandikwa matumizi yake: makazi, biashara, taasisi na kadhalika. Kutumia kiwanja kinyume cha masharti hayo ni kuvunja masharti ya miliki, hata kama jengo ni zuri na jirani hajalalamika.

Ukitoka mjini unaingia ardhi ya vijiji. Hapa ndipo wengi huumia. Muhuri wa mwenyekiti pekee hautoshi, kwani Halmashauri ya Kijiji haina uwezo wa kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Omba kuona muhtasari wa mkutano huo, pamoja na mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji kama upo. Katika vijiji vilivyo jirani na msitu wa Ngorongoro au njia za wanyama, kama ushoroba wa Upper Kitete na Selela, eneo tupu linaweza kuwa tupu kwa sababu tembo hupita.

Upande wa Oldeani kuna mashamba ya kahawa. Shamba lenye hati ya kilimo haligeuki makao kwa kuweka vitanda. Lazima matumizi yabadilishwe kwanza.

Langoni mambo hubadilika

Ngorongoro ni jina la vitu viwili. Wilaya ya Ngorongoro ina tarafa tatu: Loliondo, Sale na Ngorongoro. Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro, lililoanzishwa 1959 na kuingia katika orodha ya Urithi wa Dunia 1979, linachukua tarafa ya tatu. Humo Mamlaka ya Hifadhi ndiyo yenye kauli juu ya ujenzi, na hakuna soko la viwanja kwa mtu binafsi.

Tena hali yake haijatulia. Tangu 2022 Serikali imekuwa ikihamishia familia Msomera, wilayani Handeni, na wapo wakazi waliopinga. Agosti 2024 lilitoka tangazo la kufuta vijiji vya eneo hilo, na mwezi huohuo Mahakama Kuu Arusha ikalisimamisha kwa muda. Wazee wanaoishi huko wanahitaji huduma kama wengine. Lakini anayekuuzia "kiwanja cha kreta" anakuuzia maneno.

Makao ni nini mbele ya sheria?

Hili ndilo swali la pili. Makao ya wazee si nyumba ya familia, si nyumba ya wageni na si hospitali, ingawa yana sura ya zote tatu. Mtu akilala na kula tu, afisa mipango miji anaweza kuyaona kwa namna moja. Ukiweka muuguzi, dawa na vitanda vya wagonjwa, unagusa Sheria ya Hospitali Binafsi ya 1977, iliyorekebishwa 1991 kuruhusu tena tiba ya kibiashara. Kwa hiyo andika kwanza huduma utakazotoa, kisha uombe jibu la maandishi kuhusu kundi la matumizi. Jibu la mdomo halikubaliki benki wala mahakamani. Afisa Ustawi wa Jamii wa wilaya naye aonwe mapema, si siku ya ufunguzi.

Hesabu ya kuchelewa

Tuchukue mfano wa kubuni. Umekopa shilingi milioni 60 kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka. Riba ni milioni 9 kwa mwaka, yaani 750,000 kila mwezi. Kibali cha kubadili matumizi kikichukua miezi sita baada ya kuchukua mkopo, umelipa milioni 4.5 kabla mzee wa kwanza hajafika. Kikikataliwa, umebaki na jengo usiloweza kulitumia. Lakini ukilipa arbuni ndogo, na mkataba ukasema mauzo yatakamilika kibali kikitoka, hasara yako ya juu ni arbuni na ada. Kiwanja cha bei ya juu chenye matumizi sahihi kinaweza kuwa rahisi kuliko cha bei ya chini.

Usisahau soko lenyewe. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inaiweka familia kuwa mtunzaji wa kwanza na makao kuwa njia ya mwisho. Makazi ya Serikali, kama Magugu wilayani Babati na Njoro mjini Moshi, ni ya wazee wasio na wa kuwatunza. Mteja wako ni mwingine: ana watoto, na watoto hao wanaogopa maneno ya ukoo. Huduma ya mchana, mzee akirudi nyumbani jioni, inaweza kukubalika upesi zaidi na kuhitaji jengo dogo.

Na tofauti na mgeni wa hoteli, mzee hawezi kuhamishwa kesho asubuhi kwa sababu kibali kimekosekana. Makosa yako ya karatasi yatamwangukia yeye kwanza.

Maswali ya kujipima

1. Hati ya kiwanja unachokitaka inasema matumizi gani, neno kwa neno?
2. Kama ni ardhi ya kijiji, umeuona muhtasari wa Mkutano Mkuu?
3. Mkataba wako unasema nini kibali kikikataliwa?

Asiye na majibu matatu aiache fedha yake benki wiki hii.