JE, BIBLIA IMEBADILISHWA?

Wengi husema, "Hii Biblia watu waliibadilisha." Hebu tuchunguze.

Mwaka 1947 Wabedui waliokuwa wakichunga mbuzi walikuta magombo ya ngozi pangoni, huko Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi. Gombo moja ni Isaya, sura zote 66, limeandikwa miaka kama 100 kabla ya Yesu kuzaliwa! Wataalamu wakalilinganisha na nakala za Kiebrania za miaka elfu moja baadaye. Tofauti zipo, nyingi za herufi na maneno madogo madogo. Ujumbe ni ule ule.

Sasa fungua Isaya 53. Habari za mwenye kuteswa kwa makosa yetu ziliandikwa kabla ya msalaba. Nani angezichomeka baadaye?

Ndugu, Neno limesimama. Kinachotakiwa kubadilika ni moyo wako. Leo, si kesho!