Kupata Miche ya Liki Kutoka Kichwa cha Maua

Wanachama wengi wenye bustani za nyumbani hununua mbegu za liki kila msimu, na zikiwa zimekaa miaka miwili au mitatu dukani, nyingi hazioti. Fedha zimekwenda, kitalu ni kitupu.

Liki ni mmea wa miaka miwili. Hutoa bua lenye kichwa cha maua baada ya kupigwa na baridi, kwa hiyo njia ifuatayo ni ya wakulima wa milimani. Wa pwani wasijisumbue.

Wachimba makaa wa Durham na Northumberland, kaskazini ya Uingereza, waliokuwa wakishindania liki nene katika maonyesho, waliyakata maua kwa mkasi yangali machanga. Kichwa kilichonyolewa hivyo huweza kuota vichipukizi mfano wa vitunguu vidogo, vyenye majani kama nyasi. Vikishapata nguvu hubanduliwa taratibu pamoja na vitako vyake, vikapandwa katika sanduku lenye udongo laini na samadi iliyooza, na kumwagiliwa kidogo kidogo.

Mbegu huchanganya asili ya mimea miwili. Kichipukizi hufanana na mama yake kwa kila hali, hata kwa ugonjwa. Liki yenye michirizi ya manjano majanini huenda ina virusi, nayo hapana budi ing'olewe, ijapokuwa ndiyo nene kuliko zote. Mkulima huona uchungu hapo. Iliyotoa bua kabla ya wakati wake nayo isichaguliwe.

Chama kitakachogawa miche kichukue vichipukizi kutoka mama kadhaa, kwani watoto wa mama mmoja hushindwa na ugonjwa mmoja kwa pamoja.