Vitabu Vimefungiwa Kabatini

Mama mmoja wa Morogoro ameandika kurasa tatu kuhusu binti yake wa miaka tisa, darasa la tatu, anayekwama kila mstari akisoma. Analaumiwa mwalimu, unalaumiwa msongamano darasani, inalaumiwa simu ya baba. Safu hii imebakiza sentensi moja tu, ambayo mama ameitaja kwa kupita: "Vitabu vya hadithi vipo vinne, nimevifungia kabatini asije akavichana, nitampa akishajua kusoma."

Atajulia wapi?

Masomo ya ziada husaidia, mwalimu akiwa mvumilivu. Macho nayo yapimwe, maana asiyeona ubao huitwa mzito bure.

Lakini tatizo la nyumba hii ni kabati. Binti huyu, kwa maelezo ya mama mwenyewe, hubeba mdogo wake mgongoni na hutumwa dukani na noti ya elfu kumi. Anaaminiwa mtoto mchanga, anaaminiwa pesa, haaminiwi karatasi! Mtoto anayetazama vitabu vyake nyuma ya kioo, pembeni ya vikombe vya wageni, anajifunza kwamba kusoma ni kwa watu wengine. Mama ameumia kwa gharama, na hilo linaeleweka, kwani vitabu si rahisi. Hata hivyo, ukurasa uliochanika kwa kusomwa hugandishwa kwa selotepu, na kitabu kinaendelea na kazi.

Kwa upande wa shule, mwaka 2015 Tanzania ilipanga upya mtaala wa darasa la kwanza na la pili ili uzito uwe kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Watafiti wa mpango wa Uwezo, waliokuwa wakipita nyumba kwa nyumba Kenya, Uganda na Tanzania kupima usomaji wa watoto, waliwapa watoto hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili, na wengi waliokuwa darasa la tatu walishindwa. Shule peke yake haitoshi.

Kiswahili kinamsaidia mama: irabu ni tano, na neno husomwa kama lilivyoandikwa. Panapokwamisha ni penye ng', mbw, ngw na nyw. Dakika kumi baada ya chakula zinatosha: mama asome sentensi, binti airudie kidole kikifuata maneno. Akikosea, aachwe amalize mstari ndipo arekebishwe, na asicheke mtu. Vitabu vinne vikiisha, kuna kanga: maandishi makubwa, sentensi fupi, na kila nyumba inazo. Simu ya baba nayo ipewe kazi, binti amsomee kwa sauti ujumbe wa bibi.

Muhula ukipita na silabi zilezile bado zinamshinda, mama aziorodheshe, ampelekee mwalimu. Mwalimu mwenye darasa lililofurika atajua aanzie wapi na mtoto huyu, jambo ambalo kurasa tatu za lawama haziwezi kumwambia.