Kabla hujatuma hela China

Mdogo wangu mmoja kaniandikia: "Dada, nimepata muuzaji Alibaba, ana mawigi ya nywele za binadamu kwa bei nzuri mno. Anasema nikilipia nje ya Alibaba ananipunguzia tena. Hela ya kikoba inatoka Ijumaa. Nilipe?"

Usilipe. Na kwa kuwa najua hauko peke yako, leo naomba tukae tuongee wote.

Alibaba ina utaratibu unaoitwa Trade Assurance. Oda ikifunguliwa humo na malipo yakapita humo, hela haiendi moja kwa moja kwa muuzaji, inashikiliwa kwanza. Mzigo usipotumwa, au ukija tofauti na mlivyoandikiana, una pa kudai. Ndiyo maana kazi ya kwanza ya tapeli ni kukutoa humo ndani. Ataanza na "tuhamie WhatsApp". Halafu atakwambia "makato ya Alibaba ni makubwa, tuma kwa benki". Mwisho inakuja ile meseji tamu: "Rafiki mpendwa, akaunti ya kampuni inakaguliwa wiki hii, tafadhali lipa kwenye akaunti ya meneja wetu wa fedha." Kuchati WhatsApp au WeChat hakuna ubaya, wauzaji wazuri wamejaa huko. Ila hela na makubaliano lazima virudi kwenye oda.

Kuna wizi mwingine unaowakuta hata wazoefu. Muuzaji ni wa kweli na mmeshafanya biashara, lakini mwizi ameingia kwenye barua pepe yake na anasubiri siku ya malipo. Anakutumia ankara ile ile, nembo ile ile, kilichobadilika ni namba ya akaunti tu. Wakati mwingine anatumia anwani inayofanana na ya muuzaji: palipokuwa na m ameweka r na n, na kwenye kioo cha simu huoni tofauti. Kwa hiyo soma jina la mwenye akaunti herufi kwa herufi. Wapo wauzaji halali wenye akaunti Hong Kong, hilo peke yake lisikutishe. Jina la mtu binafsi mahali pa jina la kampuni, hilo likutishe. Na akaunti ikibadilika ghafla, simamisha kila kitu, mpigie muuzaji simu ya video kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo. Ile iliyoandikwa kwenye hiyo barua usiiguse.

Alama ya Gold Supplier nayo isikulevye. Ile ni uanachama wa kulipia. Alama ya Verified ina uzito zaidi kidogo, kwa sababu wakaguzi wa nje wamepitia kampuni. Lakini bado omba leseni ya biashara, ambayo kwa kampuni ya China ina namba ya usajili yenye tarakimu na herufi 18. Mtafute anayejua Kichina akusomee shughuli ya kampuni. Kampuni iliyosajiliwa kuuza vipuri ikikuuzia nywele, uliza kulikoni.

Sasa hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri, maana watu wengi hawapajui. Wengi wetu tunamwambia muuzaji apeleke mzigo kwenye ghala la wakala Guangzhou au Yiwu, uchanganywe na ya wengine kwenye kontena. Mzigo ukipokelewa pale ghalani, kwa Alibaba unaweza kuhesabika umeshafika, na siku za kulalamika zinaanza kukatika. Wewe uko Kariakoo unasubiri meli mwezi na zaidi. Unakuja kufungua katoni, mawigi ni ya plastiki, na muda wa kudai umeshapita. Kwa hiyo mlipe wakala afungue katoni kule kule, kabla hazijapakiwa. Ahesabu, apime uzito, apige video. Kwa mawigi, avute nyuzi chache aziunguze: nywele za binadamu zinanuka nywele zilizoungua na kuwa majivu, za plastiki zinayeyuka na kuganda kidonge kigumu. Video hiyo ni ushahidi wako. Na ushahidi unafanya kazi kama kwenye oda mliandika kila kitu: nywele za binadamu asilimia 100, urefu wa inchi, uzito wa gramu, aina ya lesi, rangi. Ukiandika "mawigi mazuri kama ya sampuli" umejinyima haki yako mwenyewe. Sampuli nzuri kila mtu anaweza kukutumia.

Tovuti ya 1688 ina bei za chini kweli, lakini imetengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la China. Huko utahitaji wakala wa kukununulia, na wengi wanalizwa na wakala wa hapa hapa mjini, mwenye picha za makontena Instagram. Angalia kama amesajiliwa BRELA, nenda ofisini kwake, ongea na watu waliopokea mizigo kupitia kwake, na mzigo wa kwanza uwe mdogo. Hela ya mkopo usiijaribie kwa mtu mpya, nakuomba sana.

Ukipigiwa simu kwamba mzigo umekwama forodhani, tuma laki tatu kwenye namba hii, kata simu. Kodi ya TRA inalipwa kwa namba ya malipo inayotoka kwenye mfumo wa serikali, haiendi kwenye simu ya mtu.

Kama umeshapigwa, nenda benki leo leo uombe malipo yazuiwe, maana kila saa inayopita hela inazidi kwenda mbali. Fungua mgogoro kwenye oda kama ilipita Alibaba. Ripoti polisi ukiwa na ankara, stakabadhi na meseji zote. Usifute hata moja kwa hasira au aibu. Waambie na wenzio wa kikoba mapema, kabla siku ya marejesho haijafika. Na akitokea mtu mtandaoni anayesema anaweza kukurudishia hela yako kwa ada kidogo tu, huyo naye ni tapeli, usimpe hata shilingi.