Mtoto Aliyezaliwa Kabla ya Miezi Kutimia

Usiku katika vilima vya Karuba una baridi kali. Katika usiku wa namna hiyo mama mmoja anajifungua mtoto wa miezi saba, mwenye uzito wa kilo moja na nusu tu, na sauti yake ni ndogo kama ya kifaranga. Wazee wa nyumba wanatazamana. Bibi mmoja asema, "Huyu ni mgeni, atarudi alikotoka." Mwingine auliza kama mama alimkosea nani. Kisha mtoto anaoshwa, anafungwa katika kikwembe, analazwa karibu na moto, na watu wote wanakaa kungoja.

Kungoja huko ndiko kunakoua watoto wengi. Yafaa basi ifahamike mtoto huyu amepungukiwa na nini.

Mtoto aliyezaliwa kabla ya juma la 37 la mimba huhesabiwa kuwa ametangulia wakati wake. Hana ugonjwa wa ajabu, wala hakutumwa na mtu. Ni kazi ya tumboni ambayo haijamalizika. Ngozi yake ni nyembamba, na chini yake hakuna mafuta ya kulihifadhi joto; tena hawezi kutetemeka kama mtu mzima ashikwaye na baridi. Mwili wake hauna budi kuwa na joto la digrii 36.5 hadi 37.5. Likishuka, mtoto hutumia sukari na hewa kidogo aliyo nayo ili apate kujipasha moto, hata nguvu za kupumua zinamwishia. Moto wa kuni hausaidii: upande mmoja unamchoma, upande wa pili unabaki baridi, na moshi unaingia katika mapafu ambayo bado ni machanga. Hata maji ya kumwosha usiku ule yanamwondolea joto. Kuoga kwangoja siku nyingine.

Kwa ajili hiyo hospitali kubwa huwa na masanduku ya joto, ambayo watu huyaita kuvezi. Ni vyombo vyema sana. Lakini sanduku lataka umeme, lataka fundi, lataka usafi mwingi. Na mahali penye sanduku moja na watoto wanne, watoto hulazwa pamoja na kuambukizana magonjwa. Mwezi wa Januari 2025, vita vilipoingia Goma, umeme wa mji ulikatika. Sanduku lisilo na umeme ni sanduku tu.

Taabu ya masanduku kuwa machache ndiyo iliyomfundisha Daktari Edgar Rey Sanabria, katika mji wa Bogotá nchini Kolombia, mwaka 1978. Yeye na mwenzake, Daktari Héctor Martínez, waliwaweka watoto wadogo juu ya vifua vya mama zao, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku. Desturi hiyo iliitwa ya kangaruu, kwa jina la mnyama wa Australia anayemlea mwanawe katika mfuko wa tumbo lake. Wengi waliidhania kuwa dawa ya maskini, ya kutumiwa pale ambapo kitu bora hakipo. Kumbe sivyo. Mwaka 2021 ilitangazwa habari ya watoto zaidi ya 3,000, wenye uzito wa kilo moja hadi chini kidogo ya kilo 1.8, katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania. Katika kila watoto 100 waliolazwa kwanza katika vyombo vya joto mpaka watulie, walikufa karibu 16. Katika kila 100 waliobebwa kifuani mara baada ya kuzaliwa, walikufa 12. Na hospitali hizo zilikuwa na vyombo! Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likaagiza kwamba desturi hiyo ianze mara moja, hospitalini au nyumbani, isipokuwa kwa mtoto asiyeweza kupumua mwenyewe au aliye mahututi.

Basi pale Karuba ifanywe hivi. Mtoto akaushwe, avikwe kofia, soksi na nepi tu, asimamishwe kati ya maziwa ya mama, miguu imekunjwa kama ya chura, uso umegeuzwa upande ili pua isizibwe. Kikwembe kimfunge hapo kwa nguvu ya kutosha, na nguo nzito za mama zije juu. Hivyo ndivyo atakavyopelekwa kituo cha afya na kuteremshwa hospitalini, hata juu ya pikipiki. Safari yenyewe isiachwe kwa sababu kifua kinamtosha. Kifua hakitoshi kwa mtoto mwenye kuvuta pumzi kwa shida, au mwenye midomo ya buluu, au anayesahau kupumua. Huyo anahitaji hewa ya chupa na macho ya wauguzi.

Kuhusu chakula, maziwa ya ng'ombe ni fahari ya Masisi, lakini tumbo la mtoto huyu haliyawezi. Wala maji ya sukari hayafai. Mtoto aliye chini ya majuma 34 mara nyingi hajui kunyonya na kumeza pamoja. Mama hukamua maziwa yake, hata yale ya kwanza ya manjano, na muuguzi humpa mtoto kwa mpira mwembamba au kwa kikombe kidogo.

Mtu atauliza: je, abatizwe? Akiwa katika hatari ya kufa, abatizwe bila kukawia, na Padri asipopatikana Mkristo yeyote aweza kumbatiza. Lakini wako wanaodhani kwamba maji yakishamwagwa kazi imekwisha, nao hurudi kukaa kungoja. Hilo ni kosa kubwa. Mtoto aliyebatizwa hurudishwa kifuani papo hapo, na pikipiki hutafutwa.

Na lile swali la bibi, kwamba mama alimkosea nani? Malaria, damu kupanda, maambukizo, mapacha, hayo ndiyo huleta uchungu mapema. Na mara nyingi waganga wenyewe hawaoni sababu. Mama anayeshitakiwa hulia, hali, maziwa hupungua, na mtoto hulipa deni lisilokuwapo.

Kifuani hukaliwa saa nyingi, nane kwa uchache, na zikiweza kufika ishirini ni heri, kwa majuma mengi mpaka mtoto mwenyewe aanze kusukuma na kukataa kufungwa. Mama mmoja hawezi peke yake. Akienda kuoga au kulala, bibi hufungua kikwembe chake, au baba hufungua shati lake, na mtoto huhamishwa kabla hajapoa.