Mbiu ya Mtaa Imfikie Hata Mpangaji

Kwenye mlango wa ofisi moja ya serikali ya mtaa niliyopita kipindi cha masika, niliona karatasi saba zimebandikwa moja juu ya nyingine. Ya juu kabisa ilitangaza mkutano uliokwisha kufanyika wiki tatu nyuma. Chini yake, ukiifunua, ulionekana ukingo wa tangazo la kuandikisha watoto wa darasa la kwanza, wino umechuruzika kwa maji ya mvua. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alisimama, akasoma ile ya juu, akaangalia tarehe, akaenda zake. Sijui kama alikuwa na mtoto wa kuandikisha. Kama alikuwa naye, habari yake ilikuwa pale pale, imefunikwa na karatasi ya mkutano uliopita.

Mtendaji wa mtaa ule akiulizwa atasema alitangaza, naye atakuwa amesema kweli. Lakini kutangaza ni kazi moja na kufikisha ni kazi nyingine. Makala haya nayaandika kwa ajili ya wenyeviti wa mitaa, vijiji na vitongoji, watendaji na wajumbe wao: watu wanaofanya kazi hii kwa karatasi chache, simu yao wenyewe na sauti yao. Si jambo dogo wanalolibeba. Katiba yetu ya Tanzania, katika ibara ya 146, inasema shabaha ya kuwa na serikali za mitaa ni kuyapeleka madaraka kwa wananchi. Na Sheria ya Serikali za Mitaa, Mamlaka za Wilaya, ya mwaka 1982, inaufanya mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, kuwa chombo cha juu cha kijiji. Basi mwananchi asiyepata habari ya mkutano amenyimwa kiti chake katika chombo hicho, hata kama hakuna aliyekusudia kumnyima.

Tuanze na tangazo lenyewe. Matangazo mengi tunayoyaona yameandikwa hivi: "Wananchi wote mnatangaziwa kuwa kutakuwa na mkutano wa hadhara. Ajenda: kufungua mkutano, kusoma muhtasari, yatokanayo, mengineyo. Kuhudhuria bila kukosa." Lisome tangazo hilo kwa macho ya mwanamke anayeuza maandazi alfajiri na kufua nguo za watu mchana. Kuna kitu gani humo cha kumfanya aache kazi? Yatokanayo na mengineyo ni maneno ya kitabu cha muhtasari, yabaki huko huko. Yeye anataka kujua jambo gani linaamuliwa na litamgusa vipi.

Liandike upya: "Kioski cha maji cha mtaa wetu kitahamishwa. Tunakutana kukubaliana kiwekwe wapi. Jumamosi tarehe 14, saa 10:00 jioni, uwanja wa shule ya msingi. Tutamaliza saa 12:00 kabla ya magharibi. Ukishindwa kuja, mwambie mjumbe wako maoni yako kabla ya Ijumaa." Ni maneno machache kuliko hotuba yoyote, na kila moja lina kazi yake. Jambo limetangulia, siku na mahali vimefuata, na asiyeweza kuja ameonyeshwa mlango mwingine wa kupitia. Saa ya kumaliza nayo isiachwe. Watu wengi hawakimbii mkutano, wanakimbia mkutano usiojulikana utaisha lini. Na saa iandikwe kama tunavyoihesabu sisi, pamoja na neno asubuhi, mchana au jioni. Ukiandika "16:00" kwa kuiga simu, nusu ya wazee watakuja saa ambayo si yenyewe.

Ondoa vifupisho. WDC, O&OD na VEO ni lugha ya ofisini. Sema kamati ya maendeleo ya kata, sema mpango wa kuibua fursa na vikwazo, sema mtendaji wa kijiji. Jina la chombo likihitajika, kama TARURA kwa barabara za mijini na vijijini au RUWASA kwa maji ya vijijini, liandike, kisha eleza kwa maneno matano kinafanya nini, ili mtu ajue kero yake ni ya kupeleka kwa nani. Ukimaliza kuandika, mpe mtoto wa darasa la tano alisome kwa sauti. Pale atakapokwama ndipo pa kurekebisha.

Sasa libandikwe wapi? Ubao wa ofisi ni lazima, na karatasi zake za zamani zibanduliwe kila Jumatatu. Karatasi iliyopitwa na wakati inawafundisha watu kwamba ubao huo haufai kusomwa. Lakini wengi hawapiti ofisini mpaka wawe na shida ya barua ya utambulisho. Fuata nyayo zao: kwenye kioski cha maji, mashine ya kusaga, kijiwe cha bodaboda, banda la mama ntilie, duka lenye kuuza vocha, zahanati siku ya kliniki ya watoto. Muombe imamu atangaze baada ya sala ya Ijumaa na mzee wa kanisa atangaze Jumapili. Wape wote karatasi ile ile moja, neno kwa neno, kwa sababu habari ikipita midomo mitatu bila karatasi, inafika mdomo wa nne ikiwa nyingine.

Gari au baiskeli ya kipaza sauti bado ina nguvu. Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, na mbiu ile ilikuwa pembe ya nyati: sauti inayosimamisha watu. Kipaza sauti cha leo kinapoteza heshima hiyo kwa kupita mbio. Mtu aliye ndani anasikia "...wote mnaombwa..." na gari limeshapinda kona. Dereva asimame kila baada ya nyumba kadhaa, injini izimwe, tangazo lisomwe mara mbili. Jioni, watu wakiwa wamerudi, ndiyo saa yake.

Hapa niseme jambo ambalo wengi wanalipitia kando. Katika miji yetu wakazi wengi ni wapangaji, lakini habari za mtaa bado zinapelekwa kwa mwenye nyumba. Barua ya ada ya taka anapewa baba mwenye nyumba, wito wa mkutano anapewa yeye, na vyumba sita vya uani havijui lolote. Mjumbe anapozungusha habari, aingie mpaka uani. Jambo la pili ni balozi wa nyumba kumi. Amekuwa msaada mkubwa kwa miaka mingi, naye anawajua watu wake kwa majina. Lakini ubalozi ule ni ngazi ya chama, na habari ya serikali ya mtaa ni ya kila mkazi, mwenye chama chochote na asiye na chama. Balozi asaidie kwa hiari yake kama mkazi mwema, ila asiwe njia pekee. Wajumbe wa serikali ya mtaa ndio wagawane maeneo, kila mmoja na nyumba zake, na kiziwi, asiyeona na mgonjwa wa kitandani waendewe mlangoni.

Kundi la WhatsApp la mtaa linafaa sana likiwa na utaratibu. Weka kundi la matangazo ambalo wanaoandika ni mwenyekiti na mtendaji tu, na lingine la mazungumzo kwa wanaotaka kujadiliana. Yakichanganywa, tangazo la kukatika maji linazama chini ya salamu za asubuhi na mipira ya jana. Usitume picha ya barua yenye mhuri peke yake, maana herufi zake hazisomeki kwenye kioo kilichopasuka. Andika maneno yenyewe, kisha ongeza ujumbe wa sauti wa nusu dakika kwa wasiosoma. Na kwa wenye kitochi, andaa orodha ya namba za ujumbe wa kawaida, kwa ridhaa yao. Namba hizo ni za kazi ya mtaa. Asipewe mfanyabiashara wala mgombea.

Tuje kwenye mkutano. Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ukae angalau kila baada ya miezi mitatu. Siku ichaguliwe kwa kalenda ya watu: isiwe siku ya gulio, isiwe Ijumaa mchana, na wakati wa palizi isiwe asubuhi. Lakini kinachowakatisha watu tamaa zaidi ni namna tunavyosoma mapato na matumizi.

Nimekaa kwenye mikutano ambapo taarifa ya fedha ilisomwa kwa dakika tatu, tarakimu zikifuatana kama mvua ya mawe, na mwisho msomaji akauliza, "Kuna swali?" Kimya. Kimya kile kilichukuliwa kuwa kuridhika, kumbe watu hawakupata pa kushika. Jaribu njia hii. Chukua kitu kimoja wanachokiona kwa macho, tuseme choo kipya cha shule. Sema: "Tulikubaliana kila kaya ichange shilingi 2,000. Kaya 240 zimechanga, jumla 480,000. Tumenunua mifuko 12 ya saruji kwa 16,000 kila mmoja, ni 192,000. Mchanga lori moja, 120,000. Fundi, 100,000. Yote 412,000. Zimebaki 68,000 na ziko kwenye akaunti ya kijiji. Risiti hizi hapa, mama mmoja na kijana mmoja waje wazishike wazisome." Andika hesabu hiyo kwa chaki ubaoni, mstari kwa mstari, kabla ya mkutano kuanza, na iache hapo wiki nzima. Fundi yuko pale anasikia malipo yake yakitajwa. Mwenye lori yuko pale. Hakuna ukaguzi wa haraka kuliko huo, na hakuna njia bora ya kumfanya mtu achange tena mwaka ujao.

Baada ya taarifa, kaa kimya uhesabu mpaka ishirini kabla ya kusema "tuendelee". Mtu wa kwanza kunyoosha mkono mara nyingi ni yule yule wa siku zote. Wa pili anahitaji muda wa kujipa moyo. Waite kwa heshima yao: "Bibi pale chini ya mwembe, nimeona unataka kusema." Akina mama wakikaa nyuma, uliza upande wao kwanza. Mwandishi wa muhtasari aandike kila hoja na jina la aliyepewa kuifuatilia, na asome orodha hiyo kabla ya watu kutawanyika.

Na hapo ndipo kazi ngumu inapoanza: mrejesho. Tuseme watu walilalamika Machi kuhusu kalavati lililobomoka. Mwenyekiti alisema "tumelichukua". Septemba wakauliza tena, akajibu "linafanyiwa kazi". Hata kama aliandika barua tatu na kupanda daladala kwenda halmashauri kwa nauli yake, hakuna anayejua, na jitihada zake zote zimegeuka uzembe machoni pa watu. Sema tarehe: "Barua ilipokelewa halmashauri tarehe 4 Aprili. Mhandisi alikuja kupima tarehe 19. Tumejibiwa kwamba fedha hazimo katika bajeti ya mwaka huu. Tumeomba ziingie katika bajeti inayoanza Julai." Jibu la "hapana" lenye sababu na tarehe watu wanalipokea kwa utu. Wasilolivumilia ni kuachwa. Kwa hiyo tenga nafasi ya juu ya ubao, andika "Mlituuliza", na chini yake weka kila swali na mahali lilipofika, hata kama bado limekwama.

Penye kimya ndipo uvumi unapojenga. Mwaka 2018, chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi ilipoanza kutolewa nchini kwa wasichana wa miaka 14, maneno kwamba inaharibu uzazi yalizagaa kwenye vijiwe na simu. Kuwakemea wazazi hakusaidii, maana hofu yao ni ya mtoto wao. Mwite muuguzi wa zahanati na mhudumu wa afya ya jamii, wakae na akina mama kwenye kliniki kabla ya siku ya chanjo, waulizwe maswali yote mpaka yaishe. Vivyo hivyo kwa tahadhari ya mvua kubwa kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wa bondeni usiwaambie tu "chukueni tahadhari". Waambie wahamie shule gani, wapitie njia ipi isiyo na daraja, wabebe nini, na wampigie nani usiku.

Nawe mkazi unayesoma haya, una chako mkononi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inakuruhusu kuandika barua ukiomba taarifa iliyo mikononi mwa ofisi ya umma, na ofisi hiyo inatakiwa kukujibu ndani ya siku 30. Andika jina lako, taja unachotaka, weka tarehe, baki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Nenda kwa adabu, kwa maana mtendaji wako huenda hajui sheria hiyo na mtaisoma pamoja. Na Jumatatu ijayo, ukipita ofisini ukakuta karatasi za mwezi uliopita bado ziko mlangoni, ingia umsalimu, umsaidie kuzibandua.